Siku Thelathini Bila Ngoma

Jumapili, 7 Mei

Mimi Ataa Afotey, mpiga gitaa wa kwanza wa Teshie na kiongozi wa bendi ya Miishee, naandika humu kwa mkono wangu mwenyewe. Shule niliishia darasa la tatu, lakini waliomaliza madarasa yote hakuna anayelipiga gitaa kama mimi, kwa hiyo tumelingana. Naandika kwa sababu mwaka jana Martei alisema mbele ya watu kwamba mwezi wa kimya hatukufanya mazoezi hata siku moja. Tulifanya. Mwaka huu nina karatasi, abishane na karatasi.

Jana tulipiga kwenye sherehe ya kumtoa mtoto nje na kumpa jina. Ndiyo kazi ya mwisho kabla ya marufuku ya ngoma. Tuliahidiwa sedi elfu moja, tukapewa mia saba na sinia la wali. Baba wa mtoto alisema tushukuru, maana mwenye mashine ya muziki angekuja kwa mia nne, na mashine haili wali. Nikagawa kama ninavyogawa siku zote, gari kwanza, kisha mafungu manne sawasawa. Kiongozi sichukui zaidi. Hilo lisomwe vizuri.

Fungu la kwanza langu. La pili la Martei, mpiga ngoma na fundi viatu, tuko pamoja miaka thelathini na bado anaanza wimbo haraka mno. La tatu la Odoi wa besi, ambaye usiku ni mlinzi wa kituo cha mafuta na mchana anasinzia amesimama. La nne la Korkor, mwimbaji wetu. Ana watoto wawili na mume aliyekwenda Libya akanyamaza huko. Ile sauti nimeifundisha mimi.

Jumanne, 9 Mei

Marufuku imeanza. Makuhani wamepanda mtama wao, na mtama hauoti penye kelele. Siku thelathini hakuna ngoma, hakuna spika, hakuna bendi, hata msibani mtu analia kwa adabu. Silalamiki. Ni desturi yetu na babu yangu aliitunza. Ila tumbo nalo lina desturi yake.

Jumatano, 10 Mei

Mvua.

Alhamisi, 11 Mei

Mvua. Odoi kaja kuomba sedi hamsini. Sina. Nikamwambia nikiwa umri wake nilikuwa Abidjan nalala hoteli yenye lifti. Akasema, "Lifti hiyo, Ataa, ingetushusha leo sokoni."

Jumamosi, 13 Mei

MAZOEZI. Tarehe hii Martei aiangalie.

Tulikaa bandani kwa mke wangu Amerley, anapopikia kenkey ya kuuza, madonge ya unga wa mahindi, maana pale moshi na sufuria vinaficha mengi. Gitaa bila umeme. Odoi akachezesha vidole juu ya besi isiyotoa hata mlio wa mbu. Martei alipiga kwa viganja juu ya gunia la mahindi mpaka Amerley akamwambia, "Likipasuka hilo, utaziokota punje na kunihesabia." Korkor alinong'ona nyimbo zote kumi na mbili huku mtoto mdogo amelala mgongoni. Nilimkosoa mara mbili. Hakukosea sana, ila mwimbaji asiyekosolewa huota mapembe.

Kuimba kwa kunong'ona kunachosha kuliko kuimba kwa sauti. Tulimaliza kama watu waliobeba matofali.

Jumatatu, 15 Mei

Mvua. Hakuna kazi.

Jumatano, 17 Mei

Mvua. Hakuna kazi. Martei ameshona viatu viwili.

Jumamosi, 20 Mei

Suhum, mazishi ya mwalimu mstaafu. Kule si nchi yetu sisi Waga, hawana marufuku, na mimi bado najulikana huko kwa wazee. Sedi elfu moja na mia mbili. Ukisikia hivyo utasema tumepata.

Dereva alitaka mia saba kwa sababu ya mvua. Njiani gari likazama kwenye tope jekundu, tukashuka wote tukasukuma. Mimi na miaka yangu sabini na moja nilisukuma kuliko Odoi. Tukafika suruali zimeganda. Tulipiga saa tano mfululizo chini ya turubai linalovuja, na kila tulipotaka kupumzika mjomba wa marehemu alikuja kusema, "Mzee, familia bado haijacheza."

Korkor aliimba vizuri, siwezi kukataa. Wafiwa katika nguo zao nyeusi na nyekundu walimwendea mmoja mmoja wakamgandishia noti kwenye paji la uso. Mia tatu na arobaini. Kanuni ya bendi, ambayo niliiweka mimi, inasema pesa ya paji inaingia mfuko wa bendi. Kwenye gari akaniomba safari hii imbakie yeye, mtoto mkubwa karudishwa nyumbani kwa ada. Nikakataa. Akasema, "Paji ni langu, Ataa." Nikamjibu paji ni lake, ila wimbo ni wa bendi. Martei alikuwa ametazama dirishani, na dirisha lilikuwa na ukungu, hakuna alichokuwa anaona.

Gari, chakula, na fundi aliyetutoa topeni. Tukabaki na mia sita. Mia na hamsini kila mtu, kwa siku nzima na matope.

Jumapili, 21 Mei

Mgongo.

Jumatatu, 22 Mei

Korkor kaja asubuhi. Amerley kampa kenkey na samaki, hakugusa. Nikajua kuna neno.

Neno lenyewe ni kanisa. Lile kubwa la barabara ya juu. Mwezi huu nalo limeweka chini ngoma na kinanda kwa heshima ya marufuku, limebaki na midomo tu, na midomo ya kwaya yao ni ile ile ninayoisikia kila Jumapili nikimwomba Mungu awasamehe. Mchungaji alimsikia Korkor akiimba akifua nguo bombani. Anamtaka. Sedi mia nane kwa mwezi, kila mwezi, kuanzia tarehe 18 Juni. Sharti ni moja, anayeimba kwao haimbi kwenye pombe.

Angalia jambo hili. Kimya kinachotutia njaa sisi ndicho kimewafanya wao wasikie sauti.

Nilimwambia niliongoza bendi kabla mama yake hajavunja ungo. Nilimwambia nilimtoa kwenye kuuza maji. Nilimwita mtovu wa shukrani. Alingoja nimalize, kama mtu anayengoja mvua ipungue, halafu akasema, "Nipatie kazi moja ya kila wiki, Ataa. Moja tu ya uhakika. Hapo nitamwambia mchungaji abaki na kwaya yake. Usipoipata kabla ya tarehe hiyo, nakwenda."

Nikamwambia nitampatia tatu.

Jumanne, 23 Mei

Mvua. Sikula.

Alhamisi, 25 Mei

Nimetembea hoteli tatu za pwani na miavuli miwili, wa kwanza ulivunjika. Hoteli ya kwanza wanasema tuje tupige tutapewa chakula. Ya pili meneja hakutoka. Ya tatu kijana wa mapokezi aliniuliza bendi ina wafuasi wangapi kwenye simu. Nikamwambia wafuasi wangu wengi wamekufa. Hakucheka. Nami sikuwa natania.

Ijumaa, 26 Mei

Hakuna.

Jumapili, 28 Mei

Nilikuwa napita barabara ya juu kwa shughuli zangu, mvua ikaja, nikajikinga chini ya upenu wa kanisa. Kama kuna mtu aliniona, nilikuwa najikinga mvua.

Walikuwa wanamjaribu. Hakuna ngoma, hakuna gitaa la kumshika mkono. Aliimba wimbo mmoja mrefu peke yake. Pale katikati, mahali ambapo huwa namzibia kwa gitaa langu kwa sababu pana mlima mkali, alipanda mwenyewe. Hakuteleza. Alisimama juu kule kama mtu aliyefika kwao, kisha akashuka polepole.

Miaka tisa namzibia mahali ambapo hapakuwa na tundu.

Mvua iliisha kabla ya wimbo. Nilibaki kidogo.

Jumatatu, 29 Mei

Nasema tena, sauti ile nimeifundisha mimi. Sehemu kubwa.

Jumatano, 31 Mei

Nimepata. Aliyesema nimezeeka ajifunike.

Kuna mwanamke wa Kumasi, Madam Serwaa, amefungua kilabu cha samaki wa kuchoma na vinywaji kule mwisho wa mji, tunapopakana na mji wa Nungua. Ana uwanja mzuri, amejenga na jukwaa dogo la mbao. Anataka bendi ya watu, si mashine, kila Jumamosi kuanzia saa tisa alasiri mpaka jua lizame. Sedi elfu moja na mia tano kila Jumamosi. Kila Jumamosi. Nimeliandika mara mbili ili nilione. Ataanza na siku moja ya kutujaribu, Jumamosi tarehe 10, siku mbili baada ya Teshie kuruhusu ngoma.

Yeye mgeni, mambo ya marufuku anayaogopa. Aliniuliza, "Ataa, nasikia kila mji una siku zake. Nungua bado watakuwa kimya tarehe hiyo. Hapa kwangu ni upande gani?" Nikamwonyesha mfereji ulio nyuma ya ua wake. Nikamwambia huo ndio mpaka. Huku Teshie, kule Nungua. Akauliza mara ya pili. Nikamwambia babu yangu alinionyesha mfereji huu kwa fimbo yake nikiwa mtoto, na kama ana mashaka na babu yangu atafute bendi nyingine.

Nilimwambia Korkor jioni. Alikaa chini kwenye gogo la Amerley kama mtu aliyeshushiwa mzigo. Akala kenkey mbili.

Jumamosi, 3 Juni

Mazoezi ya kunong'ona. Martei kaleta uchokozi. Anasema mpaka si mambo ya kukumbuka, ni mambo ya kuuliza, twende nyumbani kwa kuhani wa Nungua na chupa moja tuulize kabla ya kubeba ngoma. "Kuuliza ni bure, Afotey."

Nikamwambia kuuliza ni bure kwa asiyejua. Mimi mtoto wa ardhi hii nikaulize mpaka wa ardhi yangu, watu wanisemeje? Akasema watu hawana nafasi ya kunisema, wana njaa. Odoi akacheka. Korkor alinitazama tu, na mimi nikasema jambo limekwisha, tuanze wimbo wa tano.

Jumatatu, 5 Juni

Mvua.

Alhamisi, 8 Juni

Leo ngoma zimelia Teshie. Nilisimama mlangoni nikazisikiliza, kila mtaa. Nikachomeka gitaa kwenye umeme nikalipiga hadi jirani akaja kuomba nipunguze.

Jumamosi, 10 Juni

Naandika polepole, nisiruke kitu.

Tulifika kwa Madam Serwaa saa nane. Uwanja ulijaa mapema. Watu walikuwa na kiu ya ngoma kama ng'ombe waliofungiwa. Samaki wanaungua, wasichana wanakimbia na chupa. Saa tisa kamili nikahesabu moja mbili, na Martei kama kawaida akaanza kabla sijafika tatu, lakini leo nilimsamehe. Wimbo wa kwanza wazee wakasimama. Wa pili, Korkor alipofika kwenye ule mlima, niliondoa vidole kwenye nyuzi nikamwachia. Alipanda peke yake. Uwanja mzima ulitulia. Madam Serwaa alikuwa ameshika sinia hewani akasahau kuliweka.

Hapo ndipo wakaingia. Watu watano wa kuhani wa Nungua, nguo nyeupe, majani shingoni. Hawakukimbia, hawakufoka. Aliyetangulia, mtu wa makamo anaitwa Borketey, aliinua mkono tu, na watu wakafungua njia.

"Shikamoo, Ataa."

"Marahaba."

"Mnapiga ngoma Nungua."

Nikamwambia napiga ngoma Teshie, Nungua iko ng'ambo ya mfereji.

"Mfereji upi?"

"Huo nyuma yako. Babu yangu alinionyesha baba yako hajazaliwa."

Aligeuka akautazama. Akanitazama mimi. Afadhali angenitukana, maana alinitazama kwa huruma. "Ataa," akasema, "mfereji huu ni wa saruji. Babu yako aliijua saruji?"

Mtu mmoja mezani alicheka. Wengine wakaanza kuinuka kwa adabu, kama watu wanaotoka msibani, na wengi hawakulipa.

Walichukua vyote. Gitaa langu, besi, kipaza sauti, na spika mbili za Madam Serwaa alizonunua kwa mkopo. Nilishika gitaa. Borketey alilivuta taratibu kama anamnyang'anya mtoto kisu, na mimi nikaachia. Martei hakukubali waibebe ngoma yake. Aliibeba mwenyewe mpaka kwenye gari lao, na mvua ilipoanza akavua shati akaifunika, akarudi kifua wazi.

Madam Serwaa alikuja mbele yangu. "Nilikuuliza mara ngapi, Ataa?"

"Mara mbili."

"Ukanijibuje?"

Tulirudi kwa miguu, hakuna aliyenilaumu hata mmoja, na njia ile ni ndefu sana wakati hakuna anayekulaumu.

Jumapili, 11 Juni

Nimekwenda Nungua, nyumbani kwa kuhani. Nuumo, yaani kuhani mwenyewe, hasemi na watu wakati huu, anasema msemaji wake. Alinikaribisha vizuri, akanipa maji. Kisha akauliza swali moja. Nilipiga kwa kujua au kwa kutojua?

Hapo ndipo nilipotakiwa kuwa na akili. Badala yake nikaanza babu yangu na fimbo yake. Yule msemaji alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akanieleza pole pole kwamba mfereji wa babu yangu ulifukiwa walipopanua barabara, wakachimba mwingine wa saruji hatua mia mbili ndani ya Nungua. Mji mzima uliona. Akaniuliza mwaka ule mimi nilikuwa wapi.

Nilikuwa Abidjan.

Nilijua pale pale kwamba nimekosea. Ila mdomo ulikuwa umeshaondoka. Nikasema serikali haiwezi kuhamisha mpaka wa mababu kwa sepetu, na mimi Afotey najua ninachojua. Msemaji akainama. Akasema kama najua ninachojua, basi nilipiga kwa kujua, na anayevunja kimya kwa kujua hutoa kondoo dume mmoja, chupa mbili za shnapsi, ile pombe kali ya kuwamiminia wazee waliotangulia, na sedi elfu mbili. Nisipotoa kabla ya Jumamosi, vyombo vitakaa hapo mpaka sikukuu ya mavuno ipite. Na spika za yule mama pia.

Kondoo peke yake siku hizi ni bei ya kazi ya mwezi.

Jumatatu, 12 Juni

Mvua. Madam Serwaa katuma mtu kusema kama vyombo havijarudi Jumamosi, ataleta mashine. Zimebaki siku tano, na za Korkor sita.

Jumanne, 13 Juni

Korkor kaja akiwa ameloa. Akatoa bahasha kwenye nguo, akaiweka juu ya benchi. Sedi elfu moja na mia sita. Mshahara wa miezi miwili wa kanisa, ameuomba mapema, wamempa.

Nikamwambia siwezi kula jasho la mtu.

Akasema, "Hii si zawadi, Ataa. Hii ni faini. Na mimi nilikuwa naimba pale."

Nikamwambia hakuwa yeye aliyeonyesha mfereji. Akasema hata aliyefuata mwenye kuonyesha ana miguu. Akaondoka bila kunipa nafasi ya kukataa tena.

Nilikaa na ile bahasha mbele yangu mpaka Amerley akazima moto. Wiki tatu humu nimeandika kwamba huyu mwanamke ananiacha. Nimesoma kurasa zangu nyuma. Kila ukurasa aliyeko kazini ni yeye. Mimi niko kwenye kila ukurasa nikieleza nilivyo.

Jumatano, 14 Juni

Nimerudi Nungua. Sikuvaa kandambili. Mlangoni niliteremsha kitambaa cha begani mpaka kiunoni kama inavyopasa mbele ya madhabahu, na baridi ya mvua ikanipiga kwenye mbavu. Watu walikuwa wengi, wengine wananijua. Mwanamke mmoja alimnong'oneza mwenzake, "Si yule wa gitaa?"

Msemaji akauliza tena swali lile lile.

Nikasema, "Sikujua."

Akaniambia niseme kwa sauti, wazee wengine masikio yao hayako hapa karibu.

"Sikujua mpaka. Niliambiwa niulize nikakataa. Mama mwenye kilabu hana kosa, aliniamini mimi."

Sijawahi kusema maneno hayo kwa mpangilio huo maishani. Hayakuniua. Walikwenda ndani, wakakaa, wakarudi. Asiyejua hutoa chupa mbili tu na kushika ufagio afagie uwanja. Neno moja lilikula kondoo mzima na elfu mbili. Laiti ningelisema Jumapili.

Nilifagia. Uwanja ni mpana. Chupa alizinunua Amerley kwa hela za mahindi ya wiki, na hakusema neno, na hilo nitalilipa kwa miaka.

Vyombo vimerudi. Ngoma ya Martei bado ilikuwa na shati lake juu. Spika nimempelekea Madam Serwaa mwenyewe, moja moja, kichwani. Amesema Jumamosi tuje, Nungua watakuwa wameruhusu.

Alhamisi, 15 Juni

Nimempelekea Korkor bahasha yake, haijapungua hata sedi moja. Nikamwambia arudishe kanisani, kazi ya Jumamosi ipo, kila kitu kimekuwa kama nilivyoahidi.

Alikuwa anaanua nguo. Aliendelea kuanua.

"Sirudishi, Ataa."

Nikamwambia faini haipo tena.

"Si faini. Mvua inanyesha, wao wanalipa. Gari linakwama, wanalipa. Wewe ukigombana na makuhani, wanalipa. Nimechoka." Akakunja shuka ndogo ya mtoto, akaikunja tena. "Jumamosi nitakuja. Kanisani naanza Jumapili, kwa hiyo Jumamosi bado ni yako."

Nilitaka kusema kazi ya kila wiki aliyoitaka nimempatia. Lakini nilimpatia lini? Nilimpatia, nikaivunja, nikaiokota. Mtu mwenye watoto wawili hawezi kukaa juu ya kitu kinachookotwa.

Nikamsaidia kuanua. Nguo za watoto ni nyingi kuliko mtu anavyodhani.

Ijumaa, 16 Juni

Nungua nao wamepiga ngoma. Nimekaza nyuzi mpya.

Jumamosi, 17 Juni

Hakukunyesha.

Uwanja ulijaa kuliko mara ya kwanza, wengine walikuja kwa sababu ya ile habari, kuona mzee aliyepiga ngoma katika kimya cha watu. Borketey mwenyewe alikuja, akakaa meza ya mbele, akaagiza samaki. Tulipiga nyimbo zote kumi na mbili na tatu tukarudia. Sikumzibia Korkor hata mahali pamoja. Aliimba kama mtu anayefunga nyumba anayoipenda, chumba kimoja kimoja, bila haraka. Hakuna aliyejua isipokuwa sisi wanne.

Jua lilipoanguka Madam Serwaa alikuja nyuma ya jukwaa. Mkononi alikuwa na pesa, si za leo peke yake, za Jumamosi nne. Akasema sauti kama ile hajaisikia tangu atoke Kumasi, na tukitaka, Jumamosi zote ni zetu mpaka Krismasi.

Korkor alikuwa anafunga kitambaa kichwani. Hakugeuka. Martei alinitazama. Nilijua anachofikiri, kwamba nichukue kwanza, mengine yatajulikana mbele ya safari. Mwezi uliopita ningechukua, na ningesema sauti ile nimeifundisha mimi, na nitafundisha nyingine.

Nikamwambia, "Madam, mara ile uliniuliza nikakupoteza. Leo hujaniuliza, lakini nakwambia. Sauti uliyoisikia inaondoka leo. Kesho ni ya kanisa."

Alizitazama zile pesa mkononi. Akampa Korkor mkono, akamwombea heri. Kisha akahesabu za leo, akanipa, na zile nyingine akazirudisha kiunoni. "Mbili kwa mwezi, Ataa," akasema. "Kwa nusu. Na nikiona watu wanainuka, basi."

Nikakubali. Sikusema kitu kuhusu Abidjan.

Mafungu manne, mara ya mwisho manne. Korkor alipokea lake kwa mikono miwili, akasema, "Asante kwa miaka tisa, Ataa," akaenda zake kabla giza halijaingia, kwa sababu kesho anatakiwa kanisani saa kumi na mbili asubuhi.

Odoi aliuliza nani ataimba Jumamosi ya tarehe mosi. Nilimwambia Martei aanze kujifunza maneno.

"Maneno nayajua miaka thelathini," Martei akasema, akiinua ngoma yake begani. "Sauti ndiyo sina."

Nikamwambia Jumatatu, mazoezi. Kwa sauti kubwa, tusikie tuna nini.